Pikiniki ya elfu 35 njia ya Tukuyu: chakula cha nje hakiruhusiwi, na wote tuko nje

Nilimuahidi mwenyekiti wa kikoba chetu kwamba nitaandika, na leo mvua imenifungia dukani hapa Mwanjelwa, Mbeya, tangu asubuhi, mteja wa kutoa kopi hamna hata mmoja, basi ngoja niandike kabla hasira haijapoa. Jina la hao jamaa sitaji, sitaki kesi na mtu, na pia sio kwamba kila kitu chao kibovu, kuna vitu wamevipatia kabisa na nitavisema. Ila kama mna mpango wa kwenda pikiniki ya kikundi pande za Rungwe na mmetumiwa lile tangazo lenye kikapu na shuka la miraba nyekundu na nyeupe, soma hapa kwanza ndo utume hela.

Sisi ni kikoba cha watu kumi na mbili, wanawake tisa wanaume watatu. Mwezi wa kumi na mbili tumevunja, tumegawana, na kila mwaka tukishavunja lazima tule pamoja. Miaka yote tunakula nyumbani kwa mtu, mwenye ndizi analeta ndizi, mwenye kuku analeta kuku, asiye na kitu analeta mikono ya kuosha vyombo, mambo yanaisha. Mwaka huu vijana wakasema tumezidi kujifungia ndani, watu wanaenda pikiniki sisi tunakula kwenye korido ya mtu, hapana. Tukakubali. Mweka hazina akalipata tangazo, elfu 35 kwa kichwa, usafiri juu yenu, humo kuna kikapu kimoja kwa watu wanne, juisi glasi moja kila mtu, mkeka na mito, michezo, na picha kumi za kamera kubwa. Piga hesabu, watu kumi na mbili ni laki nne na ishirini. Nusu mnatuma mapema na hairudi hata dunia ipinduke. Tukatuma laki mbili na kumi.

Sasa hela imeshaenda ndo vita ikaanza kwenye grupu. Mweka hazina kaandika tu "wapendwa pikiniki yetu ni jumamosi", dada mmoja mwenye saluni akaleta ule ujumbe, nadhani wengi mmeshaupata maana unazunguka miaka na miaka, kwamba pikiniki ni neno la Marekani, kwamba wazungu walikuwa wanakusanyika na vyakula vyao wanachagua mtu mweusi wanamnyonga huku wanakula, na kwamba ukisema pikiniki unasherehekea hayo. Chini akaandika kwa herufi kubwa MIMI SIENDI. Wawili wakamuunga mkono. Na laki mbili na kumi zetu ziko kwa watu.

Mimi sina elimu kubwa ila nina kompyuta na intaneti ya dukani, na uchungu wa hela ninao. Nikakaa jioni mbili nikachimba.

Neno ni la Kifaransa. Wanaandika pique-nique, na limo kwenye kitabu cha asili ya maneno ya Kifaransa cha Gilles Ménage, toleo la mwaka 1694. Maana yake pale ni mlo wa watu kuchangia, kila mtu na fungu lake. Piquer ni kudonoa, kama kuku anavyodonoa donoa, na hiyo nique ni kama kusema kitu kidogo kisicho na maana, inaelekea waliiweka ili neno lipate mlio mzuri tu, vile watoto wanavyotunga maneno ya kuchezea. Majani hayamo. Mkeka haumo. Kikapu hakimo. Ni watu na michango yao basi.

Waingereza wakalidaka baadaye. Mwaka 1748 Lord Chesterfield, mzee mmoja maarufu kwa barua ndefu za kumfundisha mwanawe adabu, alimwandikia huyo mwanawe aliyekuwa Ujerumani akamwambia ameipenda ile pic-nic aliyomsimulia, na mambo anayoyataja humo ni karata, kunywa na mazungumzo. Yaani hata hapo sio msosi wa kwenye nyasi bado, ni kijiwe cha watu waliovaa vizuri. (Wajerumani hao hao ndo baadaye wakaja kujenga boma hapa Tukuyu wakapaita Neu Langenburg, ila hiyo ni stori nyingine.)

Na hapa nataka niwe muangalifu, mtu asije akasema namdharau dada wa saluni. Kunyongwa kwa watu weusi na makundi ya wazungu kule Marekani bila mahakama ni kweli tupu. Hesabu zilizowekwa na chuo cha Tuskegee ni watu 4,743 kati ya mwaka 1882 na 1968, na kati yao 3,446 ni weusi. Na ni kweli pia kwamba mara nyingine watu walikuja kutazama kama wanaenda mnadani, na watoto wao, na vyakula, wakapiga picha, picha zikageuzwa kadi za posta wakatumiana. Nilivyosoma hayo usiku sikulala vizuri. Kwa hiyo aliyetunga ule ujumbe hakuanzia hewani, alichukua unyama uliotokea kweli akaufunga kwenye neno ambalo halihusiki, neno lililokuwa kitabuni Ufaransa karibu miaka 190 kabla hiyo hesabu haijaanza hata kuhesabiwa. Na ule mchezo wa kulikata neno vipande viwili upate tusi la Kiingereza ndani yake (eti "pick", yaani chagua, na tusi la mtu mweusi) haufanyi kazi, sababu neno lenyewe sio la Kiingereza.

Nikayaandika yote kwenye grupu, meseji ndefu kama risala ya mwenge. Kimya. Halafu dada wa saluni akajibu, "sawa dada nimekuelewa nakuja, ila mimi naita matembezi." Haya, matembezi.

Aliyenifungua macho zaidi ni mwalimu wetu mstaafu. Huyu mama ni mzaliwa wa Pangani, kaolewa huku Mbeya zaidi ya miaka thelathini na bado Kiswahili chake ukikisikia unataka kukaa chini. Akatuma sauti, akasema kwani nyie mnahangaika na pikiniki ya nini, sisi utotoni tulikuwa tunakwenda mandari, mnafunga vyakula mnakwenda ufukweni mnakula mnacheza mnarudi magharibi, ndo hiyo hiyo. Na hicho cha Wafaransa cha kila mtu na fungu lake, akasema, Kiswahili kinaitwa kula bia. Hapo wanaume watatu wote wakaamka kwa mara ya kwanza tangu grupu liundwe. Akawaambia tulieni, bia ya kuchangia, huko ndo kwenye ubia na mbia, sio hiyo yenu. Na mkipokezana, leo kwangu kesho kwako, hiyo ni kula kikoa.

Basi hilo likanikaa kichwani. Kikoba kizima miaka yote tulikuwa tunakula bia kwenye korido bila kujua kwamba ndo pikiniki yenyewe ya kwanza kabisa, na sasa tunalipa laki nne kwenda kuitafuta porini.

Jumamosi tukaondoka Kabwe saa mbili na nusu, Hiace tumekodi sisi. Uyole, Igawilo, halafu pale gari inapoanza kupandisha mnajua wenyewe, ukungu unaingia mpaka dirishani, Isyonje tukasimama dereva anunue mkungu wake wa ndizi mbivu wa kupeleka nyumbani (mkumbuke huo mkungu). Baada ya hapo unaacha lami, barabara ya vumbi kama dakika ishirini, vumbi nasema kwa heshima maana ilikuwa tope.

Sehemu ni nzuri. Siwezi kuwadhulumu kwenye hilo. Ni kiwanja cha nyasi zimefyekwa vizuri kinateremka taratibu, chini mashamba ya chai yamenyooka kama yamechanwa na kitana, mbele mlima Rungwe, na bahati wingu lilifunguka nusu saa tukauona wote mpaka kichwani. Mwalimu alikaa kwenye mto akautazama hakuongea na mtu. Vyoo visafi, maji yanatoka, sabuni ipo, karatasi ipo, na anayejua sehemu za starehe za huku kwetu anajua hiyo peke yake ni nyota moja. Vijana wa pale wana adabu, shikamoo kwa kila mtu hadi mimi niliyezaliwa juzi. Na juisi! Juisi ya parachichi na pesheni, nzito, kijiko kinasimama, imetengenezwa pale pale na parachichi za shambani kwao. Hiyo juisi ningeinywa ndoo. Glasi ni moja ndo shida, ya pili elfu nne.

Kikapu sasa.

Nilikuwa na hamu na hicho kikapu kuliko wote, nimekiona kwenye picha wiki nzima. Ni kikapu kweli cha ukindu, cha kusuka kwa mkono, kina mfuniko, ndani wametandika kitambaa. Nikafungua kama nafungua zawadi ya harusi. Sandwichi nne zimekatwa pembe tatu, soseji nane, bisi kwenye mfuko wa karatasi, vipande vya tikiti maji, na parachichi mbili nzima na kisu kimoja cha plastiki. Watu wanne hao. Sandwichi ilikuwa ya yai, na pembeni mkate umekauka umejikunja kwenda juu, ile ile ambavyo karatasi inajikunja ikipita kwenye printa siku ya unyevu, mimi hiyo kitu naijua, nikajua huu mkate umekatwa jana jioni. Soseji za baridi, zina yale mafuta meupe yaliyoganda. Tikiti halijakolea hata kidogo, limetoka mbali kuja kutuaibisha. Kisu cha plastiki kilikatikia kwenye parachichi la kwanza, fundi simu wetu akatoa bisibisi ndogo mfukoni akalimalizia nayo, aliifuta kwanza.

Na kinachoniuma, nimekaa pale mkekani nimehesabu migomba kumi na moja bila kugeuza shingo. Tuko Rungwe. Kikapuni hamna ndizi hata moja, mbichi wala mbivu wala ya kuchoma. Hamna kiazi. Mtu anatoka mjini anakuja kwenye nchi ya ndizi na viazi analishwa soseji.

Kwenye zile jioni zangu mbili nilikutana na mama mmoja wa Uingereza, Isabella Beeton, mwaka 1861 aliwaandikia akina mama orodha ya vitu vya kubeba kwa pikiniki ya watu 40. Humo kuna nyama ya ng'ombe ya kuchoma imepoa, mapande ya kondoo, kuku wanne wa kuchoma, bata wawili, kamba koche sita, saladi vikapu kwa vikapu, na anakukumbusha usisahau kifungua chupa. Yote ya baridi pia, sikatai, ila ni nyama. Nikawasomea wenzangu kwenye simu tukiwa tumeshika soseji. Kuna sehemu anasema maji hamna haja ya kubeba, huko mnakokwenda kwa kawaida mtayapata. Hapo dada wa saluni akacheka mpaka akamwaga juisi, sababu dakika tano nyuma alikuwa ameuziwa maji chupa ndogo elfu mbili, ile ile ya mia sita ya Mwanjelwa, na kuingia na maji yako marufuku.

Marufuku ndo neno la siku. Turudi nyuma kidogo, tulivyofika getini. Kwenye kikoba tuna mama mkubwa wetu, Mnyakyusa wa Kiwira, umri wake hatuuongelei, na huyu mama hajawahi kwenda mahali mikono mitupu tangu azaliwe. Alikuwa na hotpoti mbili kazifunga kwenye kitenge. Kijana wa getini akainama vizuri tu.

"Shikamoo mama. Samahani mama, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Marahaba. Nje wapi mwanangu?"

"Nje, mama. Cha kutoka nje."

"Sasa hapa sisi tuko ndani?"

Kijana akaangalia nyasi, akaangalia mlima, akaenda kumuita msimamizi. Msimamizi yeye hakuwa na aibu, akasema ni utaratibu wa kampuni na uko kwenye fomu mliyosaini. Kweli uko, mistari ya chini kabisa herufi za kutafuta na darubini. Hotpoti moja, ya wali wa Kyela, ikachukuliwa ikapelekwa kwenye kiofisi cha getini, utaikuta ukitoka. Nyingine mama mkubwa alishaisukuma chini ya siti ya Hiace kwa mguu huku anaongea. Sisi wote tuliona. Hakuna aliyesema kitu.

Ndo maana nasema nilichotaka kusema tangu mwanzo. Mnaweza kufanya biashara ya mgahawa wa nyasini, sio dhambi, hata bei yenu mpange mnavyotaka. Ila msiite pikiniki halafu mkamnyang'anya mtu sufuria yake getini, hicho mlichomnyang'anya ndo pikiniki yenyewe! Hata Waingereza walivyolichukua neno, mwanzoni mwa miaka ya 1800 pale London kulikuwa na klabu ya matajiri inajiita Pic Nic, wanakutana kuigiza na kuimba na kula, na kila mwanachama anakuja na cha kwake. Matajiri hao, wana watumishi, lakini sharti uje umebeba. Ni baadaye katika karne hiyo hiyo ndo neno likatoka nje likazoea majani mpaka watu wakasahau mchango wakabaki na majani. Hawa wetu wa njia ya Tukuyu wamekwenda mbele zaidi, wameondoa mchango wakaweka ankara.

Michezo ilikuwepo, kamba ya kuvutana na karata, mpira mmoja umeishiwa upepo. Sina la kusema hapo.

Saa nane na robo ikaja. Mtu wa Mbeya yeyote anajua mwezi wa kumi na mbili Rungwe ukiona jua limewaka sana asubuhi ujue linakudanganya. Wingu lilishuka mlimani kama mtu anafunga pazia, upepo wa baridi, halafu tone moja kubwa kwenye paji la uso la mwenyekiti, halafu yote. Wale vijana wakatoka mbio, tukafikiri wanatufuata sisi na miavuli, kumbe wanafuata mito. Waliokoa mito kwanza. Mto baada ya mto, wanakimbia nayo kifuani kama watoto wachanga, na sisi tumesimama na vikapu kichwani. Banda lipo, kubwa, lina paa la nyasi, ila limekodiwa na watu wa besidei ambao hata hawajafika. Tukaomba tusimame humo mpaka wafike, msimamizi akasema banda ni elfu hamsini. Mvua inanyesha hiyo anatutajia bei.

Tukaingia kwenye Hiace, watu kumi na mbili na dereva, vioo vikajaa ukungu kwa dakika moja. Kimya hivi, watu wamenuna, mweka hazina karibu analia maana ndo aliyeleta wazo. Mama mkubwa akainama akaivuta ile hotpoti kwa kisigino. Alivyofungua mfuniko ule mvuke ulivyotoka, jamani. Mbalaga. Ndizi zimeiva zimelainika lakini hazijavurugika, nyama ya ng'ombe yenye mifupa, nyanya na kitunguu vimeyeyuka vimekuwa rojo zito limeshika kwenye ndizi, na bado ya moto kutoka saa kumi na moja alfajiri alipoipakua Mbeya, hotpoti za zamani hizo. Sahani hamna, tukageuza mifuniko ya vikapu vyao, tukatandika mifuko ya nailoni juu. Mwalimu akatoa chupa ya chai ya tangawizi kwenye mkoba, kumbe naye alipita nayo, mwalimu mzima! Fundi simu alikuwa na karanga mfukoni. Dada wa saluni, yule wa matembezi, akatoa maandazi nane kwenye kimfuko akasema msiniangalie hivyo. Na dereva alivyoona hali ile akageuka nyuma akaukata mkungu wake wa Isyonje akaanza kugawa ndizi, mkewe aliishia kupelekewa nusu.

Katikati ya hapo mlango ukagongwa. Yule kijana wa getini, kaleta mwavuli mmoja, kaja kutuambia kwamba mpiga picha anauliza tunamalizia picha lini. Akaona mifuniko ya vikapu vyao, akaona mbalaga, akasimama. Sisi tumeganda na mikono midomoni kama wanafunzi wamekamatwa bwenini. Mama mkubwa hakumjibu habari ya picha, akampakulia. Kijana alikula amesimama mlangoni, nusu ndani nusu mvuani, maji yanamchuruzika mgongoni, alivyomaliza akafuta mfuniko kwa shati lake akaurudisha kwa mikono miwili. "Ndaga mama," yaani asante kwa Kinyakyusa. Akaondoka na mwavuli wake tukabaki tunacheka mpaka gari inatikisika.

Mvua ilivyopungua tukaenda kulipa nusu iliyobaki. Ankara imekuja na nyongeza, usafi wa mkeka elfu ishirini (mkeka umelowa mvua, sio sisi) na faini ya chakula cha nje elfu thelathini, sababu harufu imesikika. Mtu anakutoza hela kwa harufu! Mwenyekiti wetu ni mama wa sokoni, akabishana naye nusu saa, tukalipa ishirini jumla na maneno mengi. Picha walisema siku tatu, zimekuja siku ya tisa, ziko saba badala ya kumi, na tatu kati ya hizo ni za kikapu peke yake bila mtu. Kikapu kimetoka vizuri sana.

Kwa hiyo nawapa nyota mbili na nusu. Moja ya vyoo na mandhari, moja ya juisi, nusu ya yule kijana. Mkiwa wawili, wachumba, mnataka picha na mlima na kunong'ona, nendeni, mwezi wa sita au wa saba kuna baridi ila pakavu, kuleni nyumbani kwanza. Kikundi cha watu wanaojua kupika msithubutu. Kodini gari yenu, pikeni, nendeni Daraja la Mungu pale Kiwira mkaone mto unavyopita chini ya mwamba, mkiwa na siku mbili shukeni Matema mkalale ufukweni mwa Nyasa. Kitulo maua ndo yanaanza kipindi hiki cha mvua, kiingilio kipo maana ni hifadhi, ulizeni kabla. Ndugu zangu wa Iringa nyie ndo msiseme kitu, mna jiwe la Gangilonga pale juu ya mji, unapanda na chupa yako ya chai unautazama mji wote, kamwene nyingi kwenu.

Sisi mwakani tumeshaamua, ni bia. Ile ya mwalimu. Mwenyekiti kaandika kwenye daftari nani analeta nini, mimi nimepewa wali.

Na hapo nina tatizo, maana ile hotpoti ya wali wa Kyela tuliisahau getini. Kwa zile kelele za ankara hakuna aliyekumbuka mpaka tumefika Uyole, mama mkubwa akajishika kichwa. Ni ya bluu, mfuniko wa maua ya pinki, shikio moja limefungwa na waya. Nimepiga simu mara tatu wanasema ipo, njoo uichukue, nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya hotpoti. Kama kuna mtu anapita njia hiyo wiki hii naomba anichukulie, aniletee hapa Mwanjelwa, kopi zake hamsini za kwanza bure. Wali wenyewe asifungue.